Waya wa Tatu

Kwa miaka thelathini na mmoja fundi alikuwa ameujua mkahawa wa ghorofa ya kumi na tano kwa pua tu. Chumba cha mashine ya lifti kilikuwa juu yake, kwenye paa la jengo, na kila alipoinama kukagua kamba za chuma zinazoshuka shimoni, harufu ya siagi na vitunguu ilimpanda usoni. Alikula mkate wake na kunywa chai yake ya chupa huku akinusa nyama ya watu wengine, wala hakuona ubaya. "Pua haitozwi kodi," alikuwa akimwambia mkewe.

Siku aliyostaafu, saa kumi na mbili na nusu jioni, aliuingia mkahawa huo kwa mlango wa mbele, amevaa suti, na tayari alikuwa akiogopa.

Hofu ilianzia ndani ya lifti. Walikuwa wanne: yeye, mkewe, rafiki yake mchomeleaji wa mageti ambaye kila mtu alimwita Cheche, na jirani yao muuza vitambaa, Mama Mita, aliyepewa jina hilo na wateja waliolalamika kwamba mita yake hupungua vidole vinne. Mama Mita ndiye aliyeipanga karamu yenyewe. Alibonyeza kitufe cha kumi na tano kwa fahari, kama mtu anayepiga muhuri. Fundi alikuwa akiitazama milango kwa mazoea tu, kama daktari anavyotazama macho ya mtu anayemsalimia njiani. Akaona lifti inaanza kupanda kabla milango haijakutana. Ilibaki nafasi ya vidole viwili, pengine vitatu. Kisha milango ikakutana, na Mama Mita akaendelea na hadithi yake.

Lifti haiondoki hivyo. Kila mlango una swichi ndogo, na mpaka milango yote ya jengo, toka chini hadi juu, iwe imefungwa kabisa, umeme wa kuiendesha lifti haupiti. Hiyo ndiyo amani ya kila anayeingia humo na mawazo yake. Kuna njia moja tu ya kuidanganya. Fundi anayetafuta hitilafu huunganisha waya mfupi ndani ya kabati la umeme kule juu, na lifti ikaamini kwamba milango imefungwa hata ikiwa wazi. Mafundi huuita waya huo daraja. Kazi ikiisha, daraja linaondolewa. Lisipoondolewa, siku moja lifti itakwenda zake na kuacha mlango wazi nyuma yake, na ndani ya mlango huo hamna kitu ila giza la ghorofa kadhaa.

Yeye alikuwa na nyaya tatu za kazi hiyo, nyekundu, kila mmoja urefu wa shubiri, na alizivaa mkono wa kushoto kama bangili. Ndivyo alivyofundishwa na aliyemfunza kazi. Waya usipokuwa kwenye mashine uko mkononi. Usipokuwa mkononi uko kwenye mashine. Hakuna mahali pa tatu. Hakuwahi kuondoka chumba cha mashine bila kuutazama mkono wake. Watu wa jengo walimtania: "Mzee wa Juu, leo umetoka na dhahabu zako?"

Lakini mchana wa siku ile, nyumbani, kifungo cha mkono wa shati jipya kilikataa kufunga juu ya nyaya. Akazivua, akazitupa kitandani, akaenda kunyoa ndevu. Na sasa, wakati mhudumu mkuu, mwanamume mrefu mwenye glavu nyeupe, akimvutia kiti, alitia mkono kwenye mfuko wa koti akazikuta. Alizipapasa kwa kidole gumba. Moja. Mbili.

Akapapasa tena. Akahamia mfuko wa pili, kisha mifuko ya suruali, akijifanya anatafuta kitambaa cha jasho.

"Nini?" mkewe alimnong'oneza.

"Zile nyaya zangu. Nani alizitia mfukoni?"

"Mimi. Ulikuwa umezitupa juu ya shuka safi."

"Ulizikuta ngapi?"

"Sikuhesabu, baba. Ni nyaya, si mayai." Akamrekebisha kola. "Leo umestaafu. Staafu basi."

Mhudumu mkuu alisimama mbele yao akaeleza kwamba kutakuwa na sahani saba, moja baada ya nyingine, na kwamba ya kwanza ni supu ya uyoga iliyopikwa polepole tangu asubuhi, ikatiwa mafuta ya mbegu za maboga, na kupambwa kwa jani moja la kotimiri lililochumwa saa ile ile.

"Anaisifia kama mshenga," Mama Mita alisema alipoondoka. "Mkiona mtu anasifia hivyo, jueni binti ana kasoro."

Supu ilikuja kwenye bakuli pana kama sinia, na katikati yake kidimbwi.

"Nisaidieni kutafuta," Mama Mita alisema. "Yangu imejificha."

Cheche alicheka. Mke wa fundi alicheka mpaka akafuta macho. Fundi alichovya kijiko, akameza, na hakujua amemeza nini. Alikuwa amerudi kichwani mwake hadi saa sita za mchana, chumba cha mashine.

Alikwenda huko kwa sababu ya mlango wa ghorofa ya tisa. Mlango huo ulikuwa na gurudumu lililochakaa, na mara moja moja, labda safari moja kati ya thelathini, ulikwama njiani ukabaki wazi nusu. Alitaka kuwaachia wenzake jengo lisilo na dosari. Alitia daraja, hilo alilikumbuka vizuri, hata ubaridi wa kabati la chuma kwenye vidole. Kisha simu iliita. Walikuwa wamekusanyika ukumbini chini, keki imekatwa, msimamizi wa jengo ana hotuba. "Mzee wa Juu, shuka bwana, tunakungoja wewe!" Akafunga kabati. Akashuka. Wakampigia makofi, wakampa hati ya utumishi bila ajali, akakabidhi funguo, zikawekwa kwenye meza ya mlinzi. Hakupanda tena.

Je, aliutoa waya kabla ya kufunga kabati? Alijiona akiutoa. Alijiona waziwazi, kidole gumba na cha shahada, mvuto mdogo wa kushoto. Lakini alikuwa ameutoa hivyo hivyo mara maelfu, na kumbukumbu ya siku nyingi zilizofanana ni kama ukungu: unaona umbo, hujui ni mtu au mti. Na mkono, je, aliutazama alipotoka? Hapo hapakuwa na ukungu. Hapo palikuwa peupe: hakuutazama. Alikuwa akishuka ngazi za paa huku akifikiria atasema nini mbele ya watu.

Pengine waya wa tatu ulianguka nyuma ya kitanda. Pengine. Alilishika neno hilo kama mtu anayening'inia anavyoshika ukingo.

Sahani ya pili ilikuwa samaki, kipande chenye ukubwa wa kiberiti, na mchuzi wa limau uliochorwa kuzunguka sahani kama mwandiko.

"Kula, ndugu yangu," Cheche alimwambia. "Unamtazama kama anakudai."

Fundi aliinua macho akamtazama Cheche, na hapo hofu yake ikapata sura.

Miaka kumi na minane iliyopita, kabla hajaitwa Cheche, mtu huyu alikuwa fundi wa lifti kama yeye, kampuni moja, meza moja ya chai. Siku moja, kwenye jengo jingine, alisahau daraja. Lifti iliondoka milango ikiwa wazi wakati karani mmoja akiingia, na karani akapoteza mguu. Kampuni ilimtuma fundi kukagua na kuandika ripoti. Aliukuta waya kabatini. Aliandika alichokiona, na mwisho akaongeza sentensi ambayo hakuna aliyemwomba: kwamba inawezekana mhusika alikuwa amekunywa. Hakunusa pombe. Hakuona chupa. Ila aliamini, kwa moyo mweupe kabisa, kwamba mtu mwenye akili zake hawezi kusahau jambo kama lile. Kwa sentensi hiyo kampuni ilimfukuza mwenzake kama mlevi, na hakuna mlango wa kazi ile uliomfungukia tena. Akajifunza kuchomelea mageti barabarani.

Kwa miaka sita hawakusalimiana. Kisha mama yake fundi alifariki, na asubuhi ya mazishi Cheche alionekana uani, anabeba viti. Tangu hapo wakawa marafiki, marafiki wa kweli, wa kuitana usiku na mchana. Ila ripoti hawakuitaja. Waliipita kama watu wanavyopita shimo la barabara wanalolijua, bila kuangalia chini.

Na ndiye huyu aliyekaa mkono wake wa kulia, amevaa koti lake pekee, amekuja kumpongeza kwa kazi ya miaka thelathini na mmoja bila ajali.

Fundi alifikiria simu. Ilikuwa mfukoni mwa shati, inamgusa kifua. Angeweza kumpigia mlinzi, kumwambia afunge lifti. Mlinzi angeuliza kwa nini. Mlinzi alikuwa mtu wa maneno mengi. Kabla ya asubuhi jengo zima lingejua, na kabla ya mchana mtaa. Na kama waya uko nyuma ya kitanda? Angekuwa amejivua nguo bure, mbele ya watu, siku ya heshima yake. Alijiambia lifti imekwenda saa saba nzima bila mtu kuumia. Kisha sauti nyingine ndani yake, sauti kavu ya kazi, ikamjibu: safari moja kati ya thelathini.

Na ghorofa ya tisa palikuwa na darasa la ushonaji la jioni. Wanawake ishirini na kitu. Walimaliza saa mbili kamili na kutoka wote kwa mkupuo, mifuko mabegani, wakiagana. Watu wanaoagana hutembea kinyumenyume.

Alitazama saa ya ukutani. Haikuwa na tarakimu, vijiti tu. Ilimbidi akisie: saa moja na nusu, au imepita kidogo.

Sahani ya tatu ilikuja na kuondoka. Ya nne pia. Mkewe aligundua kwamba hali chakula.

"Tumbo?"

"Limeshiba."

"Limeshiba nini? Jani la kotimiri?" Aliushika mkono wake chini ya meza, kisha akaugeuza. "Mbona mikono baridi hivi?"

"Ni hivi vyombo vya kupoza hewa."

Aliona Cheche naye hali vizuri. Mchomeleaji alikuwa akisogeza kipande cha nyama kutoka upande mmoja wa sahani hadi mwingine, na mara mbili fundi alimkuta akiutazama mlango wa mkahawa, ule unaoelekea kwenye lifti. Walipokutana macho, wote wawili walitabasamu haraka, kama watu waliogongana kwenye ujia mwembamba.

Anajua, fundi aliwaza. Ameona pale kwenye lifti. Anangoja aone nitafanya nini.

Wakati huo waliingia mume na mke wageni, wamependeza, na yule mke alikuwa akicheka kwa sauti huku akijipangusa mkono wa koti. "Lifti yenu ina haraka gani!" alimwambia mhudumu mkuu. "Sijamaliza kuingia, yenyewe inapanda! Nusura inichukulie koti."

Mhudumu mkuu alicheka kwa adabu. Mume alicheka. Wakaongozwa kwenye meza yao karibu na dirisha.

Neno "pengine" lilikuwa limemponyoka fundi. Hapakuwa na ukingo tena wa kushika.

Na Mama Mita, ambaye hakuwa amesikia lolote, alichagua dakika hiyo kusimama. Aligonga glasi kwa kijiko.

"Mimi si mtu wa hotuba," alisema, na mke wa fundi akaguna, "lakini leo lazima. Huyu mnayemwona hapa, Mzee wa Juu, amewapandisha na kuwashusha watu wa jengo hili miaka thelathini na mmoja. Mabosi, wafagiaji, wajawazito, wadeni wanaokimbia. Na katika miaka yote hiyo hajakatika mtu hata ukucha! Mimi mwenyewe kwenye mkasi wangu nimeshajikata mara ngapi? Sasa simama utuambie, siri ni nini? Simama, bwana, usijifanye bwana harusi!"

Meza za jirani ziligeuka. Watu wasiowajua walianza kupiga makofi, kwa wema tu.

Fundi alisimama. Aliona nyuso zote zimemwelekea, na kati yao uso wa Cheche, umeinama. Aliona kijiti kirefu cha saa kimekaribia juu. Alifungua mdomo aseme asanteni.

"Naomba mtu yeyote asitumie lifti," alisema.

Walidhani ni mzaha. Mama Mita alianza kucheka.

"Nimesahau waya kwenye mashine," fundi alisema, sauti imepanda bila yeye kutaka. "Mchana. Mimi mwenyewe. Inaondoka milango ikiwa wazi. Mhudumu, mpigie mlinzi alete funguo za juu, apande na lifti ile ya mizigo. Sasa hivi. Mwambie hii ya wageni mtu asiikaribie."

Cheche alikuwa amekwisha kusimama. Kiti chake kilianguka nyuma.

"Nilidhani ni mimi," alisema. Uso wake ulikuwa wa kijivu. "Nimeona pale tulipopanda. Lakini kila lifti ninayopanda naiona hivyo. Miaka kumi na minane naziona zote zinaondoka mapema. Nilidhani ni mimi tu."

"Saa mbili kasoro dakika kumi," fundi alisema. "Ghorofa ya tisa kuna darasa."

"Ngazi ziko wapi?"

"Kushoto, mlango wa kijani."

Cheche alikimbia. Kwa umri wake na mwili wake ule mzito, alikimbia kati ya meza kama mtu aliyeitwa kwa jina.

Fundi alikwenda kwenye lifti. Kuwazuia watu kwa simu hakutoshi. Ilibidi aikamate lifti yenyewe. Ndani yake palikuwa na kitufe chekundu cha kuisimamisha, na hicho waya haukukigusa. Alibonyeza kuiita, akatazama namba juu ya mlango. Ilikuwa chini kabisa. Ikaanza kupanda. Mbili. Tatu. Nne. Mkewe alikuwa nyuma yake, ameshika mkoba wake kwa mikono yote miwili. Sita. Saba. Nane.

Tisa.

Ilisimama hapo.

Darasa lilikuwa limemalizika mapema. Aliweka viganja vyote viwili kwenye chuma cha mlango, na kupitia shimoni zikapanda sauti za wanawake, hafifu, kama zinatoka chini ya maji. Walikuwa wakicheka. Mmoja alikuwa akimwambia mwingine kitu kuhusu kesho. Fundi alitaka kupiga kelele, na akajua kwamba kelele itakayofika ghorofa sita chini haitakuwa na maneno. Watasogea mlangoni kusikiliza.

Akasikia mngurumo mdogo wa mashine juu ya kichwa chake, ule alioujua kuliko sauti ya watoto wake. Namba ikawa kumi. Na chini, mtu akapiga ukunga.

Kumi na moja. Kumi na mbili. Ukunga ulikatika. Hapakuwa na sauti nyingine.

Milango ilipofunguka mbele yake, ndani mlikuwa na wanawake wawili wameshikana. Aliwavuta nje kwa nguvu, mmoja baada ya mwingine, akaruka kizingiti, akagandamiza kitufe chekundu mpaka kikabaki ndani.

"Nani ameanguka?" aliuliza.

"Imeondoka wenzetu wanaingia," mmoja alisema. "Mlango haukufunga, ulikuwa wazi..."

"Nani ameanguka, mwanangu?"

"Sijui! Kuna mzee alitokea akipiga kelele, akamrukia... sijui, imetupandisha, sijui!"

Mkewe aliwapokea wale wanawake. Fundi alitaka kushuka. Kila mshipa wake ulitaka kushuka ngazi zile, afike, aone. Lakini kazi ina utaratibu wake, nao hauulizi moyo. Umeme kwanza. Mlinzi alitokea kwenye lifti ya mizigo na funguo mkononi, mdomo wazi, na fundi akampokonya, akapanda ngazi za paa akijivuta kwa chuma cha pembeni.

Alizima swichi kuu. Akafungua kabati.

Waya ulikuwa pale. Mwekundu, umekazwa vizuri, umelala kwenye njia yake bila kasoro. Ilikuwa kazi ya mkono wake, na ilikuwa kazi safi. Hata mwanafunzi angeonyeshwa. Aliutazama kwa muda ambao baadaye hakuweza kuupima, kisha akauvuta, mvuto mdogo wa kushoto.

Kutoka paa hadi ghorofa ya tisa ni ngazi mia moja na kumi na mbili. Alizishuka kwa visigino vya viatu, mkono ukutani. Kumi na nne, kimya. Kumi na mbili, kimya. Alikuwa akisikiliza kilio, na kila ghorofa ambayo hakukisikia, hakujua kama ni heri au ni kwamba watu wamekwisha kulia. Mbele ya mlango wa kijani wa ghorofa ya tisa alisimama, na kwa pumzi tatu hakuufungua.

Alipofungua, aliona wanawake wamekaa chini kando ya ukuta, safu nzima, mifuko mapajani. Sakafuni palikuwa na mfuko uliopasuka, mkasi, utepe wa kupimia, vipande vya nguo vilivyokatwa tayari kwa kushonwa. Msichana mmoja alikuwa na kiatu mguu mmoja tu. Mwenzake alikuwa amemkumbatia kichwa.

Mlango wa lifti ulikuwa wazi nusu. Mbele ya uwazi huo alisimama Cheche, mgongo kwa shimo, mikono imetanuliwa, ameshika fremu huku na huku. Koti lake lilikuwa limechanika kwapani.

"Umezima?" Cheche aliuliza.

"Nimezima."

"Umeutoa?"

Fundi alimwonyesha waya. Cheche hakuachia fremu.

"Nani?" fundi aliuliza.

"Hakuna. Kiatu tu. Huyu binti alikuwa anamuaga mwenzake, mguu umeshaingia. Nilimshika kwa mfuko." Cheche alielekeza kidevu shimoni. "Nimekisikia kile kiatu kikifika chini. Kimechukua muda mrefu, ndugu yangu."

Mmoja wa wanawake alianza kulia polepole, na hakuna aliyemnyamazisha. Fundi alitambua kwamba maneno aliyoyabeba ngazi zote zile hayatangoja apate mahali pazuri pa kuyasemea.

"Leo sijagusa hata tone," alisema. "Wala jana. Akili zangu zote ninazo. Na nimesahau."

"Najua. Nilikaa pembeni yako."

"Niliandika ulikuwa umekunywa."

"Najua ulichoandika. Walinisomea."

"Hukuwa umekunywa."

Cheche aliteremsha mkono mmoja, kisha wa pili, polepole, kama mikono ya mtu mwingine. "Waliniita chini nikanywe chai," alisema. "Ni hivyo tu. Mtu aliniita, chai tayari, nikashuka. Nimetafuta sababu kubwa zaidi miaka yote hii, nimwambie mke wangu, nimwambie yule karani. Sijaipata."

"Mimi waliniita kula keki."

Cheche alitoa sauti ambayo ingeweza kuwa kicheko. Hakikuendelea.

"Kesho nitakwenda ofisini," fundi alisema. "Nitaandika barua mbili. Moja ya leo. Moja ya mwaka ule."

"Watakunyang'anya ile hati waliyokupa mchana."

"Waichukue."

"Na ya mwaka ule haitanirudishia kitu. Mageti yangu nimeyazoea."

"Nitaandika."

Cheche aliinama, akaanza kuokota vipande vya nguo sakafuni, kimoja kimoja, akivikunja vibaya. "Basi uanze na ya mwaka ule," alisema bila kuinua kichwa. "Ya leo inaweza kusubiri dakika kumi."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Kisha alishika ukingo wa mlango uliokwama, na Cheche akaweka nguo chini akashika pamoja naye, wakausukuma mpaka ukaingia kwenye kufuli lake kwa mlio mfupi. Fundi akauvuta kuujaribu. Ulikuwa umeshika. Akauvuta tena.

"Umeshika," Cheche alisema.

Lakini naye akanyoosha mkono, akauvuta.